Arua: Wakazi wa Usiku na Watu wa Mchana

Sensa ya mwaka 2002 iliwahesabu wakazi 43,929 katika mji wa Arua: Walugbara, Wakakwa, Wanubi na wengineo. Tarehe 1 Julai 2020 mji ulipandishwa daraja kuwa jiji, ukaongezewa eneo la Ayivu linalouzunguka. Hivyo jiji halikukua kwa uzazi na uhamiaji peke yake, bali pia kwa kusogezwa mipaka.

Aidha, sensa humhesabu mtu mahali alipolala. Mchuuzi avukaye mpaka kutoka Kongo asubuhi na kurejea kwao jioni hamo katika hesabu ya Arua, ingawa naye huhitaji maji, choo na matibabu. Twaona, basi, kwamba wapangao huduma za jiji hawana budi kuwakumbuka watu wa mchana.