Zaka, Jumuiya na Mazishi ya Mkatoliki

Mkatoliki akifa akiwa na deni la zaka, je, Kanisa linaweza kukataa kumzika? Swali hili huulizwa kwa sauti ya chini, mara nyingi msibani, turubai limeshafungwa na wazee wanabishana nani aende kwa paroko. Kwa Kidodi, wilayani Kilosa, na vijiji vinavyoizunguka lina uzito wa pekee. Tangu kiwanda cha sukari cha Kilombero kianze kazi mwanzoni mwa miaka ya 1960, mashamba ya miwa ya pande zote mbili za mto Ruaha Mkuu yamevuta watu kutoka mikoa mingi. Yupo aliyebatizwa Songea au Njombe, akaja kukata miwa msimu mmoja, akapata mwenza, akajenga chumba na sebule, miaka ikapita bila kujiandikisha parokia yoyote. Siku akifa, mwenyekiti wa jumuiya anasema hamjui. Kitabu cha zaka hakina jina lake. Ndugu waliosafiri usiku kucha wanashika tama.

Jibu ni hapana. Deni la zaka peke yake haliwezi kumnyima mbatizwa mazishi ya Kanisa. Naeleza kwa nini, maana jibu hili huwashangaza hata viongozi wetu wa walei.

Sheria ya Kanisa tunayoitumia leo ilitangazwa na Papa Yohane Paulo II tarehe 25 Januari 1983. Inapofika kwenye mazishi, kanuni ya 1176, inaanza na wajibu: waamini waliofariki wapewe mazishi ya Kanisa. Hapo ndipo pa kuanzia. Anayetaka kumnyima mtu ndiye mwenye mzigo wa kuonyesha sababu, na sababu zenyewe zimetajwa katika kanuni ya 1184. Wa kwanza ni wale walioikana imani waziwazi, pamoja na wazushi na waliojitenga na Kanisa kwa namna inayojulikana na wote. Wa pili ni waliochagua kuchomwa miili yao kwa nia ya kuipinga imani ya Kikristo, jambo ambalo sijapata kulisikia huku kwetu. Wa tatu ni wadhambi wa wazi ambao kuwazika kwa ibada ya Kanisa kungewakwaza waamini hadharani. Na hata hao wote, wakionyesha dalili yoyote ya toba kabla ya kufa, wanazikwa.

Hesabu makundi hayo tena. La wasiolipa zaka halimo. La waliokosa jumuiya halimo. Tena kanuni ya 18 inasema sheria inayobana haki ya mtu isomwe kwa maana finyu kabisa, isivutwe ikafika mahali ambapo haikutajwa. Kanuni ya 135 nayo inazuia mamlaka ya chini kutunga sheria inayopingana na ya juu. Kwa hiyo halmashauri ya walei, hata ikikaa kikao na kupiga kura kwa mikono yote, haina uwezo wa kuongeza kundi la nne. Kanuni ya 1181 inakwenda mbali zaidi: katika mazishi kusiwe na upendeleo kwa watu, na maskini wasinyimwe mazishi yanayowastahili.

Simaanishi kwamba zaka ni jambo la hiari tu. Kanuni ya 222 inawataka waamini wote kulitegemeza Kanisa, na aliyewahi kukaa na katekista wa kigango anajua maana yake: posho ndogo, baiskeli inayosubiri tairi, divai na hostia za Misa, paa la kanisa linalovuja. Mwenye uwezo akijificha nyuma ya umaskini wa wengine anatenda kosa, na inafaa aambiwe akiwa hai, ana kwa ana, na watu wanaomjali. Akishalala kwenye jeneza hawezi tena kusikia onyo, na adhabu yote inawaangukia mjane na watoto.

Kuhusu jumuiya kuna kutoelewana kukubwa zaidi. Maaskofu wa Afrika Mashariki, kupitia shirikisho lao la AMECEA, waliamua mwaka 1973 kwamba maisha ya Kanisa yajengwe katika jumuiya ndogo ndogo, wakalithibitisha hilo mwaka 1976 kama kipaumbele cha kichungaji. Kusudi lilikuwa Kanisa lifike mtaani, kwenye nyumba kumi au kumi na tano zinazofahamiana, ambako mgonjwa anajulikana kabla hali haijawa mbaya. Paroko anapouliza, "Huyu anasali jumuiya gani?", anatafuta shahidi. Anataka kujua kama marehemu amebatizwa, aliishi vipi na imani yake, nani anaweza kumsemea. Swali hilo ni halali kabisa. Tatizo ni pale jibu la "hatumfahamu" linapogeuzwa hukumu. Mkata miwa anayetoka alfajiri na kurudi amechoka, Jumapili yake ikiangukia zamu, huenda hakufika jumuiya kwa miaka. Lakini je, jumuiya ilifika kwake? Naliuliza hilo kwa uchungu, kwa sababu kumtafuta mgeni ni kazi ya wenyeji.

Shahidi akikosekana mtaani, vitabu vipo. Kanuni ya 535 inaitaka kila parokia itunze vitabu vya ubatizo, ndoa na vifo, na katika kitabu cha ubatizo huongezwa baadaye habari za Kipaimara na ndoa. Simu moja kwa parokia aliyobatizwa marehemu inaweza kumaliza ubishi wote. Kuhusu mahali, kanuni ya 1177 inasema kwa kawaida ibada hufanyika katika kanisa la parokia ya marehemu. Asiposafirishwa kurudi kwake, basi parokia ya mahali alipofia. Hilo lina maana kubwa ukanda huu. Ng'ambo ya mto kuna Jimbo la Ifakara, lililoundwa mwaka 2012 kutoka Jimbo la Mahenge, na upande wa Kilosa ni Jimbo la Morogoro. Mpaka wa majimbo usiwe kisingizio cha kuwazungusha wafiwa.

Swali linalofuata ni la wanaoishi pamoja bila ndoa ya Kanisa. Hawa ni wengi, na wengi wao hawakuikataa ndoa: mahari haijaisha, mjomba hajaridhia, au sherehe inaogopesha mfuko. Miongoni mwa Wavidunda na Wasagara, ambao ukoo hufuata upande wa mama, mjomba akinyamaza jambo linaweza kulala miaka. Je, hao ni wadhambi wa wazi? Kwa kweli hali yao inawazuia kupokea Komunyo. Lakini kuwazika hakumkwazi mtu yeyote ikiwa walionyesha hata dalili ndogo ya kumgeukia Mungu: kumwomba padre aje, kubusu msalaba, kusali sala ya kutubu, kusema mbele ya ndugu kwamba walitamani kufunga ndoa.

Hapa pana jambo ambalo waamini wengi hawajapata kuambiwa. Mgonjwa akiwa katika hatari ya kufa, ndoa inaweza kufungwa pale pale kitandani. Kanuni ya 1068 inaruhusu padre kuridhika na kauli ya wahusika wenyewe, kwa kiapo ikibidi, kwamba wamebatizwa na hawana kizuizi, kama hakuna njia nyingine ya kupata uthibitisho na hakuna dalili za kinyume. Kanuni ya 1079 inampa paroko uwezo wa kuondoa vizuizi vingi ikiwa askofu hapatikani kwa wakati. Na kama hakuna padre anayeweza kufika bila shida kubwa, kanuni ya 1116 inaitambua ndoa waliyofunga wawili hao mbele ya mashahidi wawili tu. Kwa hiyo mgonjwa wako akiwa amelazwa, usingoje apoteze fahamu ndipo umpigie padre. Hata Mpako wa Wagonjwa ni sakramenti ya walio hai. Marehemu huombewa, hapakwi. Ila pakiwa na shaka kama amekwisha kufa au la, padre ampake, na kanuni ya 1005 iko upande wake.

Aliyejiua? Sheria ya zamani, ya mwaka 1917, iliwanyima mazishi waliojiua kwa kukusudia. Sheria ya 1983 iliwaondoa kabisa katika orodha hiyo, na Katekisimu ya mwaka 1992 inafundisha kwamba maradhi ya akili, hofu kuu au mateso makali hupunguza hatia ya mtu. Bado wapo wazee wanaosimulia sheria ya 1917 kana kwamba ingali inatumika, na familia inajificha na msiba wake. Mtu huyo azikwe, aombewe kwa jina lake.

Mtoto aliyekufa kabla ya kubatizwa, wakati wazazi walikuwa wamekusudia kumbatiza, anaweza kupewa mazishi ya Kanisa kwa ruhusa ya askofu. Mkatekumeni, kwa upande wa mazishi, anahesabiwa kama mwamini. Yote hayo yamo katika kanuni ya 1183.

Nimesikia pia malalamiko kwamba marehemu "alidhalilishwa" kwa sababu alizikwa na katekista, au bila Misa. Kuna siku Misa ya mazishi hairuhusiwi kwa mtu yeyote, awe tajiri au fukara: Siku Tatu Kuu za Pasaka, sherehe za amri, na Jumapili za Majilio, Kwaresima na Pasaka. Siku hizo hufanyika ibada ya mazishi bila Misa, na Misa husomwa siku nyingine. Katekista naye, padre akikosekana, anaruhusiwa kuongoza sala nyumbani na kaburini. Masika ikikata njia za milima ya Vidunda, anayefika ni yeye, na ibada yake ni ya Kanisa kamili. Vivyo hivyo kaburi la shambani kwa ukoo, au katika familia ambayo nusu ni Waislamu, hali ya kawaida kabisa wilayani Kilosa: mahali pasipo na makaburi ya Kanisa, kaburi hubarikiwa lenyewe, kadiri ya kanuni ya 1240.

Kuhusu arobaini nisirefushe. Kanisa halijaweka sheria ya siku ya arobaini. Ni desturi ya watu, na ni njema ikiwa watu wanasali. Hakuna familia inayolazimika kuuza mbuzi wake ili marehemu apumzike. Kanuni ya 945 inahimiza padre atolee Misa kwa nia za maskini hata wasipokuwa na sadaka ya kutoa.

Kwenu wenyeviti wa jumuiya, nawaomba mpite kwenye vyumba vya kupanga na kambi za wakata miwa, muandike majina na parokia walikobatizwa watu hao, wakiwa wazima. Nawe mfiwa, ukikutana na katazo, usigombane na katekista mbele ya jeneza. Nenda na mashahidi wawili, eleza dalili za imani mlizoziona, kisha umwombe paroko awasiliane na askofu, kwa sababu kanuni ya 1184 inamtaka amuulize askofu panapokuwa na shaka yoyote, na afuate uamuzi wake.