Unauza pete za kobalti? Soma hii kabla hujaandika "haipauki"

Kwenye katalogi za jumla utakutana na pete zimeandikwa "kobalti" au "kobalti kromi". Ukichukua tu picha na kuandika HAIPAUKI MILELE, siku mteja akirudi na pete imebadilika rangi, maneno yanakuishia na hela unarudisha. Kwa hiyo tuijue bidhaa kwanza.

NI KITU GANI?
Ni aloi, yaani metali kadhaa zimeyeyushwa zikawa kitu kimoja. Mmarekani Elwood Haynes alipata hataza ya aloi ya kobalti na kromi mwaka 1907. Ile inayotengenezewa nyonga na magoti ya bandia hospitalini ina kobalti kama 60%, kromi 27 hadi 30%, na molibdeni 5 hadi 7%. Za pete zinaweza kutofautiana kiwanda na kiwanda, hivyo muulize anayekuuzia mchanganyiko wake. Na mteja akiuliza "ndiyo ile ya betri za simu?", mwambie ndiyo, metali ni hiyo hiyo, na nyingi duniani inachimbwa Kongo.

KWA NINI HAIPAUKI?
Kazi hiyo inafanywa na kromi. Ikikutana na hewa inajitengenezea utando mwembamba sana usioonekana, unaozuia kutu. Pete ikikwaruzika, utando unajirudia wenyewe. Tena rangi yake nyeupe ya kung'aa ni ya metali yenyewe, ndani na nje. Haijapakwa.

Sasa sikiliza hapa: ukiona pete ya kobalti ya rangi ya DHAHABU au NYEUSI, hiyo rangi imepakwa juu. Itasuguliwa na sabuni, mchanga na kazi za mikono, na siku moja itatoka. "Haipauki" iandike kwenye ile nyeupe tu.

UNAIPIMAJE?
1. Uzito. Kwa pete za saizi na umbo moja, kama ya kobalti ina gramu 8, ya titani itakuwa kama gramu 4 na ya tangsteni kabaidi kama 14 au 15. Ila chuma cha pua kinakaribiana sana na kobalti, kwa hiyo mzani peke yake hauwezi kukutofautishia hizo mbili.
2. Sumaku. Kobalti tupu inavutwa na sumaku, lakini ikishachanganywa na kromi kiasi hicho haivutwi. Pete ikinata kwa nguvu, una sababu ya kuitilia shaka. Isiponata, bado hujathibitisha kitu, maana chuma cha pua kizuri nacho hakinati.

MAMBO 3 YA KUMWAMBIA MTEJA KABLA HAJALIPA
1. Ni ngumu kuliko dhahabu na fedha, kwa hiyo haikwaruziki kirahisi. Lakini inakwaruzika. Faida yake ni kwamba ikianguka sakafuni haipasuki, wakati tangsteni kabaidi inaweza kupasuka.
2. Ugumu huo huo ndio kikwazo kwenye saizi. Pete ya dhahabu sonara anaipanua, hii wengi hawaigusi. Pima kidole kwanza, hasa pete za ndoa. Mwambie apime jioni mwili ukiwa na joto, siyo asubuhi na baridi. Na weka wazi kama unabadilisha saizi au hubadilishi.
3. Kuna watu ngozi yao haipatani na kobalti, inawasha na kutoa vipele. Usiandike "haina aleji". Muulize kama hereni au saa za chuma zimewahi kumsumbua. Akisema ndiyo, mpe chaguo la titani.

TANGAZO LAKO LIWE HIVI
"Pete ya kobalti kromi, rangi yake halisi, haijapakwa. Haishiki kutu, haipauki. Haipanuliwi, tuma saizi ya kidole kabla ya oda. Kama una aleji ya metali, tuambie kwanza."

Limepoa kidogo kuliko "milele", lakini kila neno utaweza kulisimamia mteja akirudi. Na mteja uliyemwambia ukweli kwenye pete ya ndoa, hata zawadi ya mwaka wa kwanza atakutafuta wewe.

Hifadhi posti hii, mtagi mwenzako anayeuza pete na cheni. Una swali? Liweke kwenye komenti.