Chama kikipasuka, soko husimama: funzo la Bukoba na London

WAFANYABIASHARA wa Bukoba na Muleba huifuatilia bei ya kahawa kila wiki, lakini ni wachache wanaofuatilia migogoro ya ndani ya vyama vya siasa kwa umakini huohuo. Wengi huiona kuwa ni mambo ya wakubwa. Lakini migogoro hiyo huingia sokoni, na mara nyingi anayeilipia ni mwenye mtaji mdogo.

Migogoro miwili inatosha kueleza jambo hili. Mmoja ulitokea katika Manispaa ya Bukoba kati ya mwaka 2012 na mwanzoni mwa 2014. Mwingine ulitokea Uingereza kati ya mwaka 2016 na 2020, wakati nchi hiyo ikijitoa Umoja wa Ulaya, hatua iliyopewa jina la Brexit. Yote miwili ilikihusu chama kilichokuwa madarakani, na katika yote miwili chama hicho kilishindwa kufikia uamuzi kwa sababu watu wake wenyewe walikuwa wakivutana.

Soko Kuu na viwanja

Mgogoro wa Bukoba ulikuwa wa wana-CCM kwa wana-CCM. Upande mmoja alikuwapo Meya wa Manispaa, Bw. Anatory Amani. Upande wa pili alikuwapo Mbunge wa Bukoba Mjini, Balozi Khamis Kagasheki, ambaye wakati huo alikuwa Waziri wa Maliasili na Utalii. Madiwani nao wakagawanyika, baadhi ya wale wa CCM wakawa na msimamo mmoja na wenzao wa upinzani wakitaka Meya aondoke.

Kilichogombewa hakikuwa itikadi. Ilikuwa ni miradi: ujenzi mpya wa Soko Kuu, upimaji wa viwanja, na taratibu zilizotumika katika miradi hiyo. Waliomuunga mkono Meya walisema mji unahitaji soko la kisasa na kwamba wapinzani wake wanachelewesha maendeleo. Waliompinga walisema taratibu zimekiukwa na baraza halikushirikishwa ipasavyo.

Agosti 2013, CCM Mkoa wa Kagera iliwavua uanachama madiwani wake wanane. Uongozi wa taifa ulieleza kuwa uamuzi huo hauwezi kuwa wa mwisho bila kupitiwa na Kamati Kuu, na mwezi huohuo Kamati Kuu ikautengua. Madiwani wakabaki na viti vyao, lakini mgogoro haukuisha.

Kilichofuata ni ukaguzi maalumu wa Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali. Taarifa yake ilisomwa mjini Bukoba Januari 2014 na kutaja kasoro katika uendeshaji wa miradi. Kufuatia taarifa hiyo, ilitangazwa kuwa Bw. Amani anaachia umeya. Balozi Kagasheki naye alikuwa ameshajiuzulu uwaziri Desemba 2013, kwa jambo jingine kabisa, la Operesheni Tokomeza.

Oktoba 2015 wapiga kura wakatoa hesabu yao. Jimbo la Bukoba Mjini likachukuliwa na Bw. Wilfred Lwakatare wa Chadema, na manispaa ikaongozwa na chama hicho. CCM ililirudisha jimbo mwaka 2020 kupitia Bw. Stephen Byabato. Mgogoro wa miaka miwili uligharimu chama miaka mitano.

Hasara ya mwenye kizimba

Hasara ya wanasiasa huonekana siku ya kura. Hasara ya mfanyabiashara huanza mapema zaidi na haitangazwi na mtu.

Chukua mfano wa mwenye kizimba Soko Kuu. Akisikia soko litavunjwa, hajui atahamishiwa wapi, atarudi lini, wala pango litakuwa kiasi gani akirudi. Asiposikia uamuzi wowote, hafanyi ukarabati, haongezi mali, na mkopeshaji naye hamwamini, kwa kuwa kizimba chenyewe hakina uhakika wa kuwapo mwakani.

Madhara hayo hayaishii mjini. Mleta ndizi kutoka Muleba mara nyingi huacha mikungu kwa mali kauli, akingoja malipo baada ya mauzo. Mwenye kizimba akipunguza mzigo, huyu wa Muleba ndiye anayerudi na mikungu au kuiuza kwa bei ya kutupa. Ndizi haingoji kikao cha baraza.

Kwa mnunuzi wa kiwanja hali ni hiyohiyo. Fedha aliyoiweka kwenye ardhi yenye ubishi si mtaji tena, kwa sababu haiwezi kuuzwa wala kuwekwa rehani kwa urahisi. Mwenye akiba kubwa husubiri. Mwenye akiba ndogo, ambaye pengine alijibana msimu mzima wa kahawa, hana pa kusubiria.

Ikumbukwe kwamba uamuzi mbaya lakini ulio wazi una nafuu yake. Pango likipanda, mfanyabiashara hupandisha bei au huhama. Pango lisipojulikana hawezi kufanya lolote kati ya hayo mawili.

Mambo yaleyale London

Juni 23, 2016 Waingereza walipiga kura ya maoni. Asilimia 51.9 walitaka kujitoa Umoja wa Ulaya na asilimia 48.1 walitaka kubaki. Kabla ya matokeo, paundi moja ilikuwa ikibadilishwa kwa karibu dola 1.50 za Marekani. Kufikia asubuhi ilikuwa imeshuka hadi karibu dola 1.32, kiwango ambacho hakikuwa kimeonekana tangu mwaka 1985. Waziri Mkuu David Cameron akatangaza kujiuzulu siku hiyohiyo.

Kwa familia ya Bukoba inayopokea fedha kutoka kwa ndugu aliyeko London, hesabu ni rahisi. Paundi 100 zilizokuwa na thamani ya dola 150 usiku, asubuhi zilikuwa dola 132. Sehemu ya karada imepotea bila aliyetuma kukosea lolote.

Mrithi wa Cameron, Bi. Theresa May, aliitisha uchaguzi Juni 2017 akitarajia kuongeza viti, badala yake akapoteza wingi wake na kulazimika kutegemea chama kidogo cha DUP cha Ireland ya Kaskazini. Tangu hapo kila kundi ndani ya chama chake cha Conservative lilijua kuwa lina uwezo wa kuzuia mambo. Desemba 2018 wabunge 117 wa chama chake walipiga kura ya kutokuwa na imani naye, ingawa 200 walimuunga mkono. Januari 15, 2019 mkataba wake wa kujitoa ukakataliwa kwa kura 432 dhidi ya 202. Aliurudisha bungeni Machi, ukakataliwa tena mara mbili.

Chama cha upinzani cha Labour hakikuwa na umoja zaidi. Juni 2016 wabunge wake 172 walimkataa kiongozi wao, Bw. Jeremy Corbyn, dhidi ya 40 waliomtaka. Alibaki kwa nguvu ya wanachama wa kawaida. Februari 2019 wabunge kadhaa wakahama chama na kuunda kundi lao, wakajiunga na watatu kutoka Conservative.

Wakafuata wale 21. Septemba 2019 Waziri Mkuu mpya, Bw. Boris Johnson, aliwaondoa wabunge 21 wa Conservative katika kundi la chama bungeni kwa kupiga kura kinyume na serikali. Mwezi uliofuata 10 kati yao wakarejeshwa. Hali hiyo ilikwisha kwa uchaguzi wa Desemba 12, 2019, ambapo Johnson alipata wingi wa viti 80. Januari 31, 2020 Uingereza ikatoka.

Tofauti iliyo katika sheria

Wanane wa Bukoba na 21 wa London wanafanana kwa mengi, lakini sheria zinawatofautisha, na tofauti hiyo ina maana kwa soko.

Uingereza, mbunge aliyefukuzwa na chama hubaki na kiti chake. Anakaa bungeni na kupiga kura atakavyo. Chama kinachofukuza watu wake ndicho kinachopoteza wingi, na serikali hukwama hadharani. Soko la fedha huona kura hizo na kuzipangia bei usiku huohuo. Ndiyo maana paundi ilipanda na kushuka kufuatana na vikao vya Bunge.

Tanzania hali ni nyingine. Ibara ya 71 ya Katiba inasema mbunge anayeacha kuwa mwanachama wa chama kilichompeleka bungeni anakoma kuwa mbunge. Diwani naye husimama kwa tiketi ya chama, na uanachama ukienda, kiti huenda. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao Arusha, ilitoa hukumu Juni 2013 kwamba kuzuia mgombea binafsi ni kukiuka haki. Hukumu hiyo ilitangulia mkasa wa Bukoba kwa miezi miwili tu, lakini haikubadili utaratibu uliowakabili madiwani wale.

Matokeo yake ni kwamba mgogoro wa Tanzania haumalizwi ukumbini kwa kuhesabu kura. Humalizwa katika vikao vya chama, mkoani au Dodoma, ambako mfanyabiashara haoni. London mwenye mtaji huumia kwa bei kuyumba kila siku. Bukoba huumia kwa ukimya: hakuna bei inayoshuka, ila shughuli hazisongi.

Na kahawa je?

Wakati wa Brexit, baadhi ya wenye kahawa Kagera waliweza kudhani kuwa paundi ikianguka na bei ya robusta inaanguka, kwa kuwa bei hiyo hupangwa London. Dhana hiyo haina msingi. Robusta huuzwa katika soko la London kwa dola za Marekani kwa tani, wala si kwa paundi. Kinachoisukuma ni mavuno ya Vietnam na Brazil, akiba iliyoko maghalani, na nguvu ya dola.

Kuhusu ushuru pia hapakuwa na balaa. Kahawa mbichi isiyokaangwa haikutozwa ushuru kabla ya Uingereza kutoka, wala haikutozwa baada ya hapo. Tanzania, kama nchi iliyo katika kundi la maendeleo duni, iliendelea kupata nafuu ya kuingiza bidhaa Uingereza bila ushuru, na Juni 2023 Uingereza ilianzisha mpango wake mpya kwa nchi zinazoendelea. Kenya, isiyo katika kundi hilo, ililazimika kusaini mkataba wake wa pekee Desemba 2020.

Hivyo siasa za London ziliwagusa watu wa Kagera kwa fedha za ndugu zaidi ya kahawa. Siasa zinazoigusa kahawa ni za nyumbani. Mwaka 2018 Serikali ilipoagiza kahawa ipitie vyama vya ushirika, biashara ya kahawa mkoani ilibadilika msimu mmoja, wakiwamo waliozoea kununua kwa butura, yaani kumlipa mkulima kahawa ikiwa bado shambani.

Dalili za kuangalia

Mwenye mtaji mdogo hana nafasi ya kuzuia mgogoro wa chama, lakini anaweza kuuona unakuja. Dalili ya kwanza ni vikao: baraza la madiwani likianza kuahirishwa, au akidi kutotimia mara kwa mara, miradi inayosubiri idhini itakwama.

Dalili ya pili ni nani anapingana na nani. Chama tawala kikibishana na upinzani, mwenye viti vingi ataamua na mambo yataendelea. Viongozi wa chama kimoja wakibishana hadharani, idadi ya viti haisemi chochote.

Dalili ya tatu ni ngazi ya uamuzi. Shauri likipelekwa mkoani, au Kamati Kuu, au kwa mkaguzi, mfanyabiashara ahesabu miezi na aache kuhesabu wiki. Bukoba, kati ya kufukuzwa kwa madiwani na kusomwa kwa taarifa ya ukaguzi, ilipita miezi mitano, na hata hapo soko jipya halikuwa limejengwa.

Anayeona dalili hizo afanye yaliyo ndani ya uwezo wake. Asilipe pango la mwaka mzima kwa jengo ambalo hatima yake inabishaniwa. Asinunue kiwanja cha mradi kabla ya kuona nyaraka katika ofisi ya ardhi. Anayetoa mali kauli kutoka Muleba afupishe muda wa malipo na asimwekee mnunuzi mmoja mzigo wote. Anayetegemea fedha za paundi azibadilishe zinapofika, asizitunze akibahatisha siasa za watu wengine.

Zaidi ya hayo, wenye vizimba wana haki ya kudai maandishi. Manispaa inayotaka kuwahamisha iseme kwa barua watakwenda wapi, kwa muda gani, na nani ana nafasi ya kwanza kurudi. Meya anaweza kubadilika, na chama pia, lakini barua yenye muhuri hubaki mikononi mwa mwenye kizimba.