Mapumziko ya Jirani: Kutoka Kewanja Hadi Kingo za Mto Mara

Mto Mara huanzia katika misitu ya Mau nchini Kenya, ukapita mbuga ya Maasai Mara, ukaingia Hifadhi ya Taifa Serengeti kwa upande wa kaskazini, kisha ukatoka hifadhini na kutenganisha wilaya za Tarime na Serengeti kabla ya kumwaga maji yake katika Ziwa Victoria. Safari hiyo yote ni ya takribani kilomita 395. Kijiji cha Kewanja, katika eneo la Nyamongo wilayani Tarime, kipo kaskazini mwa mto huo, mahali ambapo maji yamekwishatoka hifadhini. Ni maji yaleyale ambayo nyumbu huyavuka kwa makundi kila mwaka huku wageni waliosafiri maelfu ya kilomita wakitazama.

Hata hivyo, Kewanja hujulikana nchini kwa dhahabu, si kwa utalii. Mgodi wa North Mara ulianza uzalishaji mwaka 2002, na tangu hapo jina la Nyamongo likitajwa, msikilizaji hufikiria mashimo na malori. Mfanyakazi wa eneo hilo anapopata likizo huenda Mwanza kwa ndugu au hubaki nyumbani. Ni wachache wanaofikiria kuelekea mashariki, kwenye hifadhi iliyo umbali wa makumi machache tu ya kilomita.

Sababu za hali hiyo si uvivu wa kusafiri. Kwa familia nyingi za vijiji vya mpakani, hifadhi imejulikana kwa sura nyingine kabisa: tembo wanaoingia shambani usiku wa kuamkia mavuno, ng'ombe wanaokamatwa wakivuka mpaka, na fomu za kuomba kifuta jasho pale mazao yalipoharibiwa au kifuta machozi pale mtu alipojeruhiwa au kupoteza maisha. Mtoto aliyekulia katika simulizi hizo huiona Serengeti kuwa mahali alipokatazwa kufika. Si rahisi kumwomba mwananchi ashiriki kulinda kitu ambacho hajawahi kukitazama akiwa na haki ya kuwapo hapo.

Haki hiyo anayo. Serengeti ilitangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 1951, ina ukubwa wa kilomita za mraba 14,763, na mwaka 1981 iliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia. Pamoja na umaarufu huo, kiingilio cha Mtanzania kimebaki cha chini kwa makusudi. Kwa viwango vya miaka ya karibuni, mtu mzima hulipa shilingi 10,000 na mtoto wa miaka 5 hadi 15 shilingi 2,000, kabla ya Kodi ya Ongezeko la Thamani. Walio chini ya umri huo hawalipi. Mgeni kutoka nje ya Afrika Mashariki hulipa kwa dola kiasi kinachozidi mara kumi kile cha mwenyeji. Baba, mama na watoto watatu wa shule, kodi ikijumuishwa, wangeingia kwa shilingi 30,680.

Kwa maneno mengine, kikwazo hakipo langoni. Kipo kwenye magurudumu. Bodaboda, ambayo ndiyo usafiri wa kila siku wa Nyamongo, hairuhusiwi kuingia hifadhini, na kutembea kwa miguu bila askari ni marufuku. Lazima pawepo gari, na gari la kukodi pamoja na mafuta hugharimu mara kadhaa ya kiingilio cha familia nzima. Hapo ndipo hesabu nyingi za likizo huishia. Walioweza kuvuka kikwazo hiki ni wale waliosafiri kwa kundi: shule, kwaya, walimu wa kituo kimoja, wanachama wa kikoba. Basi dogo aina ya Coaster wakati wa kiangazi hupita vizuri katika barabara kuu za hifadhi, na gharama yake ikigawanywa kwa watu ishirini na kitu huwa ya kawaida. Masika ni habari nyingine. Udongo mweusi wa mbuga hauchagui dereva.

Takwimu zinaonyesha kuwa Watanzania wameanza kuitikia. Mwaka 2024 nchi ilihesabu watalii wa ndani 3,218,352, idadi inayozidi ile ya watalii wa kimataifa, 2,141,895. Swali linalobaki kwa Mara ni wangapi kati ya hao wanatoka vijiji vinavyopakana na hifadhi.

Wakati wa kwenda ni jambo la kuangaliwa kwa makini, kwa kuwa nyumbu hawafuati kalenda ya shule. Kati ya Januari na Machi huzaa katika nyanda za kusini, mbali na Tarime. Mei na Juni huelekea magharibi, upande wa mto Grumeti. Kuanzia Julai hadi Oktoba, majani ya kusini yanapokauka, hufika kaskazini, Kogatende na ukanda wa Lamai unaopakana na Tarime, kwa sababu Mara ndio mto usiokauka katika sehemu hiyo ya hifadhi. Hivyo likizo ndefu ya Desemba, ambayo wazazi wengi huitegemea, huwakuta nyumbu wameondoka. Mkazi wa Kewanja ana nafasi asiyo nayo mtu wa Dar es Salaam: anaweza kutumia mapumziko mafupi ya Septemba, au sikukuu ya siku moja kama Nane Nane, bila kuomba likizo ndefu kazini. Hata hivyo, kuvuka kwa nyumbu hakuna saa maalumu. Kundi linaweza kusimama ukingoni siku nzima kisha likarudi lilikotoka.

Asiye na haraka anaweza kuifanya safari kuwa mzunguko. Barabara ya Tarime hadi Mugumu, yenye urefu wa takribani kilomita 87, huvuka mto Mara na kumfikisha msafiri makao makuu ya wilaya ya Serengeti, ambako zipo nyumba za wageni za bei ya kawaida. Kutoka Mugumu huingiwa hifadhini kwa lango la Ikoma, karibu na ngome iliyojengwa na Wajerumani. Hapo pia ndipo ilipo Jumuiya ya Hifadhi ya Wanyamapori Ikona, inayoundwa na vijiji vitano, Robanda kikiwa kimojawapo, ambavyo hupata mapato ya utalii kutokana na ardhi viliyoitenga wenyewe. Kwa mwanakijiji wa Tarime, kuzungumza na wenzake wa Robanda huenda kukawa na faida kuliko kumwona simba.

Wakati wa kurudi, barabara ya Natta hupita Butiama, lilipo kaburi la Mwalimu Julius Nyerere pamoja na makumbusho yenye jina lake yaliyofunguliwa mwaka 1999. Kutoka hapo hadi Tarime msafiri huuvuka tena mto Mara katika Daraja la Kirumi, safari hii ukiwa umetanuka kuwa bwawa pana la mafunjo na ndege. Oktoba 14, Siku ya Mwalimu, nyumbu wakiwa bado kaskazini, ziara zote mbili zinawezekana katika mwisho mmoja wa wiki.

Wanaokusudia kwenda wanapaswa kubeba Kitambulisho cha Taifa, kwa kuwa bila uthibitisho wa uraia ada ya mwenyeji haitolewi. Malipo hufanyika kwa namba ya kumbukumbu ya Serikali, si fedha taslimu, hivyo ni vema kuulizia mapema ofisi za Shirika la Hifadhi za Taifa, pamoja na lango lipi linapitika baada ya mvua. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini tangu Juni 1, 2019. Na kwa atakayechagua Septemba, tarehe 15 ni Siku ya Mara, inayoadhimishwa tangu mwaka 2012 kwa zamu kati ya Tanzania na Kenya, nchi mbili zinazoyatumia maji hayo.