Kompyuta za umma na mlango unaosahauliwa

St Marys ni kitongoji kilicho takriban kilomita 45 magharibi mwa kitovu cha jiji la Sydney, Australia. Katika maktaba za umma za vitongoji kama hicho, mhamiaji asiye na kompyuta nyumbani huketi kuandika maombi ya kazi, au kufungua akaunti yake ya myGov, mfumo wa huduma za serikali ulioanzishwa mwaka 2013. Akiinuka, mwingine huketi papo hapo.

Je, aliyemtangulia aliacha nini ndani ya mashine?

Kompyuta inapowashwa, programu ndogo iitwayo BIOS, au mrithi wake UEFI, hutafuta mfumo wa uendeshaji kwa kufuata orodha. Iwapo flashi au CD imetangulia katika orodha hiyo, mashine huanza kwa mfumo uliomo humo, wala si ule uliowekwa na fundi. Hapo neno la siri la Windows halimzuii mtu, na programu ya kukinga virusi hubaki imelala. Anaweza kusoma mafaili ya wenzake, au kupandikiza programu ya kunasa kila herufi inayochapwa.

Hatari hiyo si ngeni. Virusi vya Brain, vilivyoandikwa mwaka 1986 na ndugu wawili wa Lahore, Pakistan, vilijificha katika sehemu ya kwanza ya diski laini, ile inayosomwa mashine inapowaka. Mwaka 2000, Klaus Knopper wa Ujerumani alitoa Knoppix, mfumo kamili unaoendeshwa kutoka CD. Mafundi huutumia kuokoa mafaili ya kompyuta iliyoharibika, lakini chombo kinachookoa chaweza pia kuiba.

Hatua za kinga

Kwanza, diski ya ndani iwekwe mwanzo wa orodha, na kuanza kwa flashi, CD au mtandao kuzimwe, pamoja na menyu ya kuchagua diski wakati wa kuwasha.

Pili, BIOS ifungwe kwa neno la siri. Bila hilo, mwanafunzi yeyote aweza kurudisha mpangilio wa awali.

Tatu, kasha la mashine litiwe kufuli. Katika kompyuta nyingi za mezani, kuondoa betri ndogo iliyo ndani hufuta mpangilio huo, na pengine hata neno la siri.

Nne, diski ifungwe kwa usimbaji, ili hata ikichomolewa isisomeke.

Ulinzi wa Secure Boot, ulioenea pamoja na Windows 8 mwaka 2012, hukataa mifumo isiyo na saini inayotambuliwa. Hata hivyo, matoleo kadhaa ya Linux yana saini hiyo, kwa hiyo ulinzi huo hauondoi haja ya hatua hizo.

Shule nyingi za Afrika Mashariki zimepokea kompyuta zilizokwisha kutumika ng'ambo, na kwao kazi huanza siku ya kuzipokea. Neno la siri lijulikane na watu wawili wanaoaminika, kwani fundi akihama nalo, maabara yenyewe ndiyo itakayofungiwa nje.