Fungu la Mbwa Litengwe Kabla ya Kuunga Mchuzi

Katika mashamba ya nyuma ya Vanga, kuelekea Lunga Lunga, ambako nyani na nguruwe mwitu hushindana na mkulima juu ya mahindi yake, mbwa ni mlinzi wa usiku na mchana, na ujira wake aghalabu ni makombo. Wala si ujira mbaya kwa asili yake, kwani mwaka 2013 Erik Axelsson na wenzake wa Uppsala, huko Uswidi, walibainisha ya kuwa mbwa, kinyume cha mbwa mwitu aliye jamaa yake, amejaaliwa nakala nyingi za jeni ya kusaga wanga, hata sima, wali na muhogo uliochemshwa vikamkubali tumboni pasi na taabu.

Madhara yamo katika viungo. Kitunguu maji na kitunguu thomu, ambavyo huku kwetu ni nadra mchuzi kuvikosa, huvunja chembe nyekundu za damu ya mbwa, na moto wa jiko hauiondoi sumu hiyo. Mnyama hulegea baada ya siku kadhaa, ufizi ukapauka na mkojo ukaiva wekundu, na mwenyewe, kwa kuwa siku zimepita, hasadiki kwamba sababu ni mchuzi ule. Zabibu za pilau huweza kuua figo zake. Mfupa wa kuku uliopikwa hupasuka ncha kali zikamtoboa matumbo. Papa mkavu humzidishia chumvi.

Basi fungu lake na litolewe chungu kingali na maji matupu: samaki wa kuchemsha aliyeondolewa miiba, au kipande cha papai kisicho mbegu, navyo viwe tunu tu, visizidi sehemu moja ya kumi ya chakula chake cha siku. Mahindi yaliyoota ukungu asipewe kabisa, maana sumukuvu, iliyoua watu 125 nchini Kenya, hasa Ukambani, mwaka 2004, humharibu mbwa ini vilevile.

Khasa nawasihi wavuvi juu ya bunju, ambaye sumu yake haitoki kwa kupikwa: mwaka 1774, huko New Caledonia, nguruwe wa Kapteni James Cook aliyekula matumbo ya samaki wa jinsi hiyo alikutwa asubuhi amekufa. Bunju na afukiwe, asiachwe ufuoni. Na mbwa aliyekwisha kumla asinyweshwe maziwa wala mafuta, bali akimbizwe kwa daktari wa mifugo kabla pumzi haijaanza kumpaa.