Sumu hupenya ngozini: Tahadhari unapopuliza dawa uani

JE, msomaji, ni nani hupuliza dawa kwenye nyasi na maua ya nyumba yako? Na siku ya kazi hiyo huvaa nini?

Katika mitaa mingi ya miji yetu mambo huwa hivi: mwenye nyumba hununua chupa ya dawa, humkabidhi mfanyakazi wa bustani pamoja na pampu ya kubeba mgongoni, kisha hushika njia kwenda kazini. Mfanyakazi hujifunga kitambaa puani, huvaa ndara na fulana yake ya kila siku, na kuanza kuwaandama mchwa, kupe au magugu. Jioni akilalamika kwamba kichwa kinamwuma, huambiwa anywe maziwa alale.

Kitambaa hicho hakikumkinga, na maziwa hayo hayatamtibu. Makala haya yanaeleza ni kwa nini, na yanakuonyesha jinsi kazi hii inavyoweza kufanywa bila kumdhuru anayeifanya wala watoto wanaocheza uani.

Sumu huingilia wapi?

Wengi wetu huamini kwamba hatari ya dawa imo katika harufu yake. Ikinuka sana tunajihadhari, isiponuka tunaidharau. Ukweli ni kwamba anayetumia pampu ya mgongoni hupata sehemu kubwa ya sumu kupitia ngozi. Matone mengi yanayotoka kwenye pampu hiyo ni makubwa mno kufika ndani ya mapafu. Hutua mikononi, miguuni na kwenye nguo, na kutoka hapo dawa hupenya polepole hadi kwenye damu. Ngozi haihitaji kuwa na kidonda ili ipitishe sumu.

Isitoshe, ngozi haifanani mwili mzima. Mnamo 1971, watafiti nchini Marekani walichapisha matokeo ya uchunguzi ambapo kiasi kidogo cha sumu ya wadudu iitwayo parathion kilipakwa kwenye sehemu mbalimbali za mwili wa binadamu. Ngozi ya kipaji cha uso na ya kichwani ilipitisha sumu hiyo takriban mara 4 kuliko ngozi ya mkono. Ngozi ya korodani ilipitisha karibu mara 12.

Sasa fikiria pampu ambayo kifuniko chake kinavuja. Dawa humwagika mgongoni, huteremka kiunoni, hulowesha suruali na kukaa papo hapo kwenye sehemu zinazopitisha sumu upesi zaidi. Fikiria pia mwanamume aliyeshika dawa, akaenda msalani kabla ya kunawa. Mkono umekwisha kuifikisha sumu mahali pabaya. Kwa hivyo kanuni ya kwanza ni hii: nawa kwa sabuni kabla ya kwenda haja, wala si baada yake tu.

Anza na lebo

Kabla ya kulipa pesa dukani, geuza chupa usome. Tafuta nambari ya usajili ya PCPB, bodi ya serikali inayosimamia dawa za wadudu na magugu chini ya sheria iliyopitishwa mwaka 1982. Dawa isiyo na nambari hiyo, au iliyopimwa na kutiwa katika chupa nyingine, usiinunue hata ikiwa bei yake ni ya chini. Hutajua ni nini, wala daktari hatajua.

Chini ya lebo pana utepe wa rangi. Nyekundu ni sumu kali mno, ambayo haifai kabisa kuletwa nyumbani. Manjano ni sumu ya wastani, inayoweza kumdhuru mtu vibaya. Buluu ina hatari ndogo zaidi, na kijani ndiyo ya chini. Lakini usidanganyike: kijani haimaanishi kwamba dawa ni maji. Ikiwa ziko dawa mbili zinazofanya kazi moja, chukua ile ya rangi ya chini.

Halafu jiulize kama unaihitaji. Magugu machache kwenye ukoka hung'olewa kwa jembe dogo au kwa mkono, na nyasi zisizokatwa fupi mno huyazuia magugu zenyewe.

Mavazi ya kazi

Hakuna haja ya vazi la gharama kubwa. Anayepuliza anahitaji ovaroli au shati la mikono mirefu na suruali ndefu, gambuti, glavu za mpira, kofia yenye ukingo na miwani ya kinga. Mguu wa suruali ukae nje ya gambuti, usiingizwe ndani. Ukiingizwa, dawa itateremka hadi ndani ya kiatu na mguu utashinda ukiogelea humo. Glavu za kitambaa au za ngozi ni mbaya kuliko mikono mitupu, kwa sababu hunywa dawa na kuishikilia karibu na mwili siku baada ya siku.

Tena barakoa za kitambaa tulizozizoea wakati wa Covid-19 mwaka 2020 hazizuii mvuke wa dawa. Zikilowa huwa ni kitambaa chenye sumu kilichofungwa mdomoni. Lebo ikitaka maski, ni ile yenye kichujio maalumu cha kemikali.

Mgongoni, kati ya pampu na shati, funga karatasi ya plastiki nzito. Hii ni kinga ya bei ya chini ambayo watu wengi huisahau.

Saa ya hatari kubwa

Wengi hufikiri hatari huanza pampu inapoanza kufyatua. La. Hatari kubwa ni wakati wa kupima na kuchanganya, kwa kuwa hapo dawa haijatiwa maji. Tone moja la dawa kutoka chupani lina sumu nyingi kuliko tone la dawa iliyotiwa maji. Basi vaa glavu na miwani kabla ya kufungua chupa.

Kwanza jaribu pampu kwa maji matupu. Jaza, funga, beba, piga. Kifuniko, mpira na mikanda vikivuja, tengeneza kabla ya kutia dawa. Kisha changanyia nje penye hewa, mbali na kisima, bomba la maji na jikoni. Tia maji nusu ya pampu, ongeza dawa iliyopimwa, halafu jaza maji yaliyosalia. Pima kwa kikombe cha dawa pekee, si kifuniko wala kijiko cha nyumbani. Lebo ikisema mililita 20 kwa lita 20 za maji, ni 20. Kuongeza maradufu hakuui mchwa mara mbili, bali huongeza sumu kwa aliyebeba pampu.

Kumbuka pia kwamba pampu ya lita 20 iliyojaa ina uzito unaozidi kilo 20. Mtu mchovu hujikwaa, na akianguka humwagikiwa. Afadhali ajaze nusu na kurudi mara mbili.

Upepo, jua na majirani

Wakati mwema ni asubuhi mapema au jioni jua likipoa. Adhuhuri jasho humfanya mtu avue kofia na glavu, na joto hugeuza dawa kuwa mvuke. Tazama miti: majani yakitikisika kidogo, upepo ni wa kiasi. Vijiti vikianza kuyumba mfululizo, ahirisha kazi. Panga njia yako ili upepo upeleke dawa mbali nawe, na utembee ukirudi upande ambao haujapulizwa, ili usikanyage nyasi zilizolowa.

Kabla ya kuanza, anua nguo kambani, ondoa vyombo vya maji vya mbwa na kuku, funga madirisha, funika tangi la maji na umjulishe jirani. Ikiwa sukumawiki yako iko hatua chache kutoka kwenye ukoka, funika au acha nafasi. Watoto wasirudi kwenye nyasi hadi muda ulioandikwa kwenye lebo upite. Lebo ikinyamaza, ngoja angalau saa 24. Mama mjamzito na mtoto wasishike pampu kamwe.

Nozeli ikiziba, usiipulize kwa mdomo. Ni desturi iliyoenea, nayo ni sawa na kunywa dawa. Punguza kwanza nguvu ya hewa ndani ya pampu, fungua nozeli ukiwa na glavu, kisha isafishe kwa maji na burashi laini. Na wakati wote wa kazi, usile, usinywe, usivute sigara.

Wanaoendesha mashine

Kwenye viwanja vya gofu na nyanja kubwa za shule, kazi hii hufanywa kwa mashine ya kuendeshwa inayorusha mbolea na kupuliza dawa kwa pamoja. Anayeiendesha asidhani kwamba amesalimika kwa kuwa hakubeba kitu mgongoni. Akipita katika ukungu wa dawa yake mwenyewe hulowa vilevile, kwa hivyo mavazi ni yale yale.

Zaidi ya hayo, lita 100 za maji ni kilo 100 za mzigo unaochezacheza. Kwenye mteremko, tangi lililojaa nusu husukuma maji upande mmoja na laweza kuipindua mashine. Nenda polepole, usikate kona kwa ghafla, usipande mteremko wenye nyasi zilizolowa, na uzime injini kabla ya kugusa nozeli au sahani inayozunguka kurusha mbolea.

Baada ya kazi

Osha pampu mara tatu, na maji ya kuoshea yapulizwe kwenye nyasi zile zile. Yasimwagwe kwenye mtaro wala chooni. Chupa tupu nayo isuuzwe mara tatu, maji yake yamiminwe ndani ya pampu kabla ya kumaliza kazi, kisha itobolewe ili mtu asiitumie kuwekea mafuta au maji ya kunywa.

Osha glavu kabla ya kuzivua. Halafu vua nguo zote, uoge kwa sabuni, na nguo za kazi zifuliwe peke yake, si pamoja na nepi za mtoto. Anayezifua avae glavu.

Dawa iliyobaki ikae katika chupa yake yenyewe, ndani ya kabati lenye kufuli. Kamwe usiitie katika chupa ya soda. Dawa ya magugu iitwayo paraquat, ambayo imepigwa marufuku katika nchi za Umoja wa Ulaya tangu 2007, yaweza kumuua mtu mzima kwa mafunda machache tu, na haina dawa ya kuikomesha. Mtoto mwenye kiu haulizi lebo.

Dalili na huduma ya kwanza

Dawa nyingi za wadudu, kwa mfano zile za kundi la malathion na diazinon, huvuruga mishipa ya fahamu. Dalili za mwanzo ni kuumwa na kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu, jasho jingi, mate na machozi kutiririka. Baadaye mboni za macho husinyaa zikawa ndogo kama ncha ya sindano, misuli hutetemeka, tumbo huendesha na mtu hushindwa kupumua. Dalili hizi hufanana na za malaria au homa ya tumbo, ndiyo maana wengi hupewa dawa zisizo zao. Mwambie daktari waziwazi: huyu alikuwa akipuliza dawa.

Ukimwona mtu katika hali hiyo, mtoe mahali penye dawa. Vaa glavu au mifuko ya plastiki mikononi, mvue nguo zilizolowa, mwoshe kwa maji mengi na sabuni. Dawa ikiingia jichoni, suuza kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 15 au zaidi. Ikiwa ameinywa, usimlazimishe kutapika wala usimpe maziwa, mafuta au maji ya chumvi. Akizimia, mlaze kwa ubavu. Piga 999 au 112, au mkimbize hospitalini, na ubebe chupa yenye lebo. Hospitalini kuna sindano ya atropine inayokabiliana na sumu za kundi hilo, lakini ni lazima daktari ajue anapambana na nini.

Jukumu ni la nani?

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi anayekabiliwa na vitu vya hatari mavazi ya kumkinga. Si hisani, ni wajibu. Bei ya glavu, gambuti na miwani ni ndogo ikilinganishwa na gharama ya kulazwa hospitalini hata kwa usiku mmoja.

Kwa hivyo wiki hii, kabla ya kumkabidhi mtu pampu, kaa naye dakika chache. Msomee lebo ikiwa imeandikwa kwa lugha asiyoielewa. Jazeni pampu maji matupu mtazame kama inavuja. Muulize kama mara ya mwisho aliumwa na kichwa. Huenda jibu lake likakushangaza, na huenda likamwokoa.